Barua ya Mtoto ni ya Nani?

Mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa, walimu wengi hutafuta jambo la kuwafanyisha watoto katika zile siku mbili tatu za kwanza, wakati vitabu havijagawiwa na nusu ya darasa haijafika. Wengine huwapeleka kufyeka uwanja. Wengine huwaandikisha insha ile ile ya kila mwaka juu ya namna walivyotumia likizo. Lakini lipo jambo jingine, lililotoka katika madarasa ya Marekani na Uingereza, ambako mwaka wa shule huanza Agosti au Septemba, nalo hupendwa sana huko kwa siku za kufungua shule.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mtoto hupewa karatasi na bahasha. Huandika jina lake, umri wake, chakula akipendacho, jina la rafiki yake, kitu anachokiogopa, na jambo moja ambalo angetaka kulijua au kuliweza kabla mwaka haujakwisha. Huchora kiganja chake kwa kukizungushia penseli. Kisha mwenzake humpima urefu kwa uzi, toka kisigino mpaka utosini, na uzi ukikatwa hutiwa pamoja na karatasi ile. Bahasha zote hufungwa kwa gundi, hutiwa katika kopo au sanduku, na kopo hufungwa mbele ya darasa zima. Halifunguliwi mpaka siku ya mwisho wa mwaka. Kwa Kiswahili twaweza kuliita kopo la kumbukumbu.

Ni mchezo mzuri, na gharama yake ni ndogo. Kopo tupu la maziwa ya unga latosha. Hata hesabu imo ndani yake. Mtoto wa miaka minane au tisa hukua kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na akiushika uzi wake wa Januari mwezi wa Desemba akaona haumfikii tena utosini, huelewa habari ya kukua kuliko vile ambavyo tungemweleza kwa maneno. Sina ugomvi na mchezo huu. Lakini kila nikiufikiri naona chini yake liko swali gumu, na mwalimu anayeanza bila kulitazama aweza kuwadhuru watoto pasipo kujua. Swali ni hili: barua ile ikisha kufungwa, ni ya nani?

Mtu atasema, ni ya mtoto, si yeye aliyeiandika? Hapa yafaa tuende polepole. Mwalimu anapolifunga lile kopo hutoa ahadi mbili, hata kama hakuzitamka. Ya kwanza ni kwamba barua zitakuwapo siku ya kufungua. Ya pili ni kwamba hapana mtu atakayezisoma kabla ya siku hiyo. Watu wazima huziona ahadi hizi kuwa nyepesi, maana ni maneno waliyoambiwa watoto tu. Tumezoea kuwaahidi watoto. Twawaambia, "Nikirudi mjini nitakuletea kitu," na tukirudi mikono mitupu twasema duka lilikuwa limefungwa. Ahadi ni deni, twaisema methali hii kila siku, lakini mdai akiwa na umri wa miaka minane twajipa ruhusa ya kuchelewesha, hata ya kutolipa kabisa.

Mimi naona mambo ni kinyume. Mtu mzima nikimwahidi shilingi, aweza kunifuata nyumbani, kunisema mbele ya watu, hata kunipeleka barazani. Mtoto hana baraza. Ana uso wangu tu wa kuutazama. Kwa hiyo nikimtimizia mtu mzima, labda nimemtimizia kwa kuogopa aibu. Nikimtimizia mtoto, hapo ndipo yaonekana kama neno langu ni neno. Tena tufikiri juu ya urefu wa muda. Kwa mtu wa miaka 60, mwaka mmoja ni sehemu moja katika sitini za maisha yake. Kwa mtoto wa miaka minane ni sehemu moja katika nane, na ukitoa ile miaka mitatu ya kwanza asiyoikumbuka, ni moja katika tano. Kumwambia mtoto huyo angoje mpaka Desemba ni kama kumwambia mzee angoje miaka saba au zaidi. Amengoja hivyo kwa kuliamini neno la mwalimu, halafu aambiwe kopo lilipotea wakati wa kupaka chokaa!

Na makopo hupotea kweli, hata ya wakubwa wenye fedha na wahandisi. Mwaka 1957, katika mji wa Tulsa huko Marekani, watu walizika motokaa mpya aina ya Plymouth ndani ya shimo la saruji karibu na jumba la mahakama, ili ifunguliwe baada ya miaka 50. Waliweka na petroli, wakidhani kwamba huenda mwaka 2007 petroli haitapatikana tena duniani. Walipofungua mwaka 2007 waliona maji yaliingia shimoni, na motokaa ilikuwa imeliwa na kutu yote. Yule aliyeshinda shindano la kupewa motokaa hiyo alikwisha kufariki miaka mingi nyuma. Petroli, kama tujuavyo, ingali inauzwa.

Wengine walikuwa na busara zaidi. Mwaka 1938 kampuni ya Westinghouse ilizika chombo cha shaba iliyochanganywa na madini mengine, urefu wake kama futi saba na nusu, futi 50 chini ya ardhi, katika uwanja wa maonyesho ya dunia ya New York. Kimekusudiwa kufunguliwa mwaka 6939, yaani baada ya miaka 5000. Nimependa jambo moja walilolifanya. Walichapa kitabu cha kueleza chombo kilipo na kilichomo, wakakipeleka katika maktaba za nchi nyingi, ili kumbukumbu isiwe mahali pamoja tu. Walijua kwamba kuzika si kazi. Kazi ni kukumbuka.

Nabii Yeremia aliyajua hayo kabla yao. Wasomaji watakumbuka alivyonunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu, wakati ambapo mwenye akili za biashara asingenunua hata kiwanja cha kuku. Aliandika hati, akaita mashahidi, akapima fedha katika mizani. Kulikuwa na hati iliyofungwa kwa muhuri na nakala iliyoachwa wazi, na zote mbili Baruku aliagizwa azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Tusidhani chombo cha udongo ni jambo la kubuni. Magombo yaliyogunduliwa karibu na Bahari ya Chumvi kuanzia mwaka 1947, baadhi yake yalikuwa ndani ya mitungi, nayo yalikuwa yamekaa humo kwa karibu miaka elfu mbili.

Nimetaja hati ya Yeremia kwa sababu ya wale mashahidi na ile nakala ya wazi. Mwalimu wa shule ya msingi yampasa kufanya vivyo hivyo kwa kipimo chake. Walimu huhamishwa. Barua ya uhamisho yaweza kuja mwezi wa Mei, na anayempokea darasa hajui lile kopo juu ya kabati ni la nini. Atadhani ni kopo tu, atatilia chaki. Basi iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za shule, siku lilipofungwa, idadi ya bahasha, mahali lilipo, na siku ya kulifungua. Mwalimu mkuu atie sahihi. Tena lisizikwe ardhini. Mchwa hawajui ahadi. Na watoto waandike kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hukimbia ukipata unyevu, lakini penseli hukaa. Haya ni mambo madogo, nayapita.

Sasa nije kwenye ahadi ya pili, ile ya kutosoma, maana hapa ndipo penye uzito.

Tuseme yupo mtoto wa kike wa Darasa la Nne. Ameambiwa aandike anachokiogopa. Wenzake wanaandika nyoka, giza, mtihani, fisi. Yeye anaandika kwamba anamwogopa mjomba anayelala chumba cha pili, na anaeleza kwa nini. Ameandika hivyo kwa sababu ameambiwa hapana atakayesoma. Anafunga bahasha yake kwa gundi, na inatiwa ndani ya kopo. Mwalimu analiweka kopo juu ya kabati, na kila siku kwa miezi kumi na moja anafundisha sehemu na desimali chini ya kopo hilo.

Je, mwalimu amefanya vema kuitunza siri asiyoijua? Wako watakaosema kwamba mwalimu mwangalifu angezisoma zote jioni ile ile, kisha azifunge tena, na watoto wasijue. Sikubali. Huyo amedanganya watoto arobaini ili amsaidie mmoja, na siku watakapogundua (watoto hugundua, gundi ya mara ya pili haifanani na ya mara ya kwanza), hapana hata mmoja kati yao atakayemwambia mtu mzima neno la siri tena. Wako watakaosema kinyume, kwamba ahadi ni ahadi na likaae kopo. Nao siwakubali. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imempa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa taarifa katika serikali ya mtaa au ya kijiji anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, na hata kama sheria hiyo isingekuwapo, moyo wa mtu ungeidai.

Waumini wa Kianglikana twaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu Kanisa limelishindania kwa muda mrefu. Katika zile kanuni za Kanisa la Uingereza ziitwazo kanuni za 1603, kanuni ya 113 yawakataza makasisi wasifunue aliyoyasema mtu katika maungamo. Lakini humo humo kuna kipengele kinachotoa nje makosa ambayo kasisi mwenyewe, akiyaficha, angeweza kuupoteza uhai wake kwa sheria za nchi. Watu wamebishana juu ya kipengele hicho kwa miaka 400, na bado wanabishana, hasa kwa ajili ya watoto waliodhulumiwa. Ikiwa siri ya maungamo imeletea Kanisa ugumu huo wote, mwalimu asiye kasisi, asiyekula kiapo cho chote, asijitwike mzigo kama ule kwa mchezo wa siku ya pili ya shule.

Kwa hiyo jawabu langu halimo katika kusoma wala katika kutosoma. Limo katika maneno yanayosemwa kabla watoto hawajashika penseli. Mwalimu asiahidi asiloweza kulitimiza. Na aseme hivi: "Barua hizi zitakaa mpaka Desemba, nami sitazisoma. Lakini mtu mwenye jambo linalomuumiza leo asilitie kopoini, maana kopo halisikii. Aniletee mimi mkononi, au amwendee mwalimu mwingine anayempenda. Na mkiniambia jambo la hatari, sitalificha. Nitatafuta msaada, nami nitakuambia wewe kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine." Akisema hivyo, mtoto amejua milango iko miwili na kila mmoja unaelekea wapi. Huenda yule wa Darasa la Nne bado ataandika na kuficha. Yawezekana. Lakini hatakuwa amedanganywa, na mlango wa pili ameonyeshwa. Nami ningeliondoa kabisa lile swali la kuogopa. Liulizwe ana kwa ana au lisiulizwe.

Sasa tuseme mwaka umekwisha, kopo limefunguliwa, kila mtu ameshika bahasha yake. Walimu wengi hapo huwasimamisha watoto mmoja mmoja wasome kwa sauti, darasa licheke. Mtoto aliandika Januari, "Nitakuwa wa kwanza." Amekuwa wa 38 katika 52. Mwingine aliandika kwamba rafiki yake wa milele ni fulani, na huyo fulani hawasemezani toka Agosti. Je, yule wa Desemba ajibu kwa ajili ya yule wa Januari?

Wenye hekima wamelijadili jambo hili zamani. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba kinachomfanya mtu wa leo awe ni yule yule wa jana ni kukumbuka, kwamba nafsi hufika pale kumbukumbu inapofika. Thomas Reid, Mskoti aliyekuwa mchungaji wa kanisa kabla ya kufundisha chuo kikuu, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1785 kwa mfano wa askari. Mvulana alichapwa viboko kwa kuiba matunda bustanini. Alipokuwa ofisa kijana aliteka bendera ya adui, na siku hiyo alikumbuka viboko vile. Alipokuwa jenerali mzee, aliikumbuka bendera lakini viboko alikwisha kuvisahau. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ni yule ofisa, ofisa ni yule mvulana, lakini jenerali si yule mvulana. Jambo hilo haliwezekani, alisema Reid, kwa hiyo kumbukumbu peke yake haitoshi kumfanya mtu kuwa mmoja.

Nadhani Reid alikuwa na haki. Mtoto akisoma barua yake na kusema, "Mwalimu, mimi sikuandika hivi," hali mwandiko ni wake, hasemi uongo. Amesahau. Lakini ni yeye. Watu wa nyumbani kwetu walilijua hili bila vitabu, kwa kuwa bibi humwita mtu mzima mwenye ndevu kwa jina la utotoni, na mtu mzima huitika.

Lakini kuwa yule yule si sawa na kudaiwa kila kitu alichokitaka yule. Hapa watu wengi huchanganya. Tamaa na ahadi ni vitu viwili. Mtoto aliyetaka kuwa rubani na sasa anataka kuwa fundi seremala hajamkosea mtu. Amekua, kama uzi unavyoonyesha. Hakuna mdai. Bali mtoto aliyeandika, "Nitamrudishia Yusufu mpira wake," ana deni, na kusahau hakulifuti. Yusufu yupo, mpira hana. Kwa hiyo barua ile haiwezi kuwa hati ya mashtaka. Yule wa Desemba aichukue kama mtu anavyopokea mali ya ndugu yake mdogo, achague la kutunza na la kuacha, alipe lililo la watu. Tena afungue peke yake, chini ya mwembe kama anataka, na asiyetaka kusomea wenzake asilazimishwe. Kicheko cha darasa ni kitu kikali sana. Sijaona faida yake.

Limebaki jambo ambalo nimelifikiri kuliko yote, na walio na haraka ya kucheza hawalifikiri. Ni bahasha ambayo siku ya kufungua haina mwenyewe. Watoto huhama, baba akipata kazi mahali pengine, au mama akirudi kwao. Na watoto hufa. Mwalimu amesimama Desemba na bahasha mkononi, jina limeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda, na mwenye jina amezikwa Juni.

Wa kuhama si mgumu, atafutwe kwa posta au kwa mtu anayekwenda huko. Lakini huyu mwingine? Mama akisikia iko barua atakuja, na nani atakuwa na moyo wa kumnyima? Uzi ule ni urefu wa mwanawe. Kiganja kile hakipo tena mahali pengine po pote duniani. Hata hivyo mtoto aliambiwa hapana atakayesoma ila yeye, na yawezekana ameandika jambo juu ya mama mwenyewe, la hasira ya siku ile, ambalo jioni alikwisha kulisahau na mama hatalisahau maisha. Wengine watasema wafu hawana siri. Sidhani hivyo. Tukisema kwamba ahadi kwa marehemu haina nguvu, basi wosia wote ni karatasi tu, na hakuna kati yetu aaminiye hivyo linapokuja shamba la baba yake.

Mimi ningempa mama bahasha, ikiwa imefungwa kama mtoto alivyoifunga. Mwalimu asiifungue kwanza kwa kisingizio cha kuhakikisha, wala asiisome halafu amsimulie. Ampelekee nyumbani, si kumwita shuleni, na amwambie ukweli kwamba mtoto aliandika akidhani ataisoma yeye mwenyewe. Afungue au asifungue, hilo liwe la mama. Lakini ni afadhali zaidi mtoto aulizwe mapema, na hili laweza kufanywa bila kutaja mauti. Nyuma ya bahasha, Januari ile ile, kila mmoja aandike mstari mmoja: "Nisipokuwapo, apewe fulani." Watoto huelewa upesi. Mmoja ataandika mama, mwingine bibi, mwingine ataandika rafiki yake. Na mwingine huenda akaandika, "Ichomwe." Huyo naye asikilizwe.

Mwaka 1795 Samuel Adams, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, pamoja na Paul Revere, walitia sarafu na vitu vingine chini ya jiwe la pembeni la jumba la serikali mjini Boston. Mwaka 1855 mafundi waliokuwa wakitengeneza jengo waliviona. Hao wa 1855 wangeweza kuvigawana. Walivisafisha, wakaongeza vitu vya wakati wao, wakavirudisha katika sanduku jipya la shaba, na sanduku hilo lilionekana tena mwishoni mwa 2014 na kufunguliwa Januari 2015. Nawafikiria sana wale wa katikati. Hawakuwa wenye vitu wala hawakuwa waliokusudiwa kuvipokea. Mwalimu ni mtu wa namna hiyo kwa miezi kumi na moja.

Na yule mtoto anayekataa kuandika? Kila darasa linaye. Amekaa nyuma, karatasi mbele yake, penseli ameilaza. Walimu wengine humtisha kwa kiboko. Lakini labda hana la kusema, au analo na hatuamini bado, na mambo yote mawili ni haki yake. Karatasi yake tupu ikunjwe kama za wenzake, itiwe katika bahasha yenye jina lake na tarehe, na aitie kopoini kwa mkono wake mwenyewe. Uzi wake apimwe kama wengine, akikubali.